Taa Inayomsikia Mtoto

Wateja walimwita Fundi Mawimbi kwa sababu ya jibu lake. Ukimpelekea redio inayokoroma, angeitikisa kidogo, akaitegea sikio, akasema, "Hapa tatizo ni mawimbi." Redio iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, tatizo ni mawimbi. Redio iliyokaliwa na mtu mzima mwenye mwili wake, mawimbi. Siku moja mteja alimletea pasi ya umeme, naye kabla hajaipokea vizuri akaropoka mawimbi, na tangu hapo jina likamganda.

Kibanda chake kilikuwa kwenye safu ya mafundi nyuma ya kituo cha afya. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, taa ya kuinamia, na rafu zilizojaa redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Zamani meza yote ilikuwa yake. Watu walipoanza kusikilizia habari kwenye simu, kazi ikapungua, akaona ni heri aigawe meza kuliko kuitazama. Upande wa dirishani alimpa mwanamke mmoja aliyesomea kompyuta chuoni, akazunguka na vyeti mpaka viatu vikaisha soli, mwisho akajifungulia kazi ya kutengeneza simu. Mtaa mzima ulimjua kama Dada wa Simu. Walielewana, ila kwa jambo moja tu: Fundi aliwasha redio tangu asubuhi, na Dada wa Simu alisema ipo siku atafungua dirisha aitupe nje, na yeye mwenyewe aifuate.

Fundi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo hakuwa anasikia. Alizaliwa na masikio mazima. Homa ya uti wa mgongo ndiyo iliyomziba kabla hajaanza shule. Wenye ulimi mrefu walisema ni ajabu fundi wa sauti kupata mtoto kiziwi. Fundi hakuwajibu. Alimpeleka binti kwenye shule ya viziwi, na mwisho wa juma alikwenda na yeye kujifunza lugha ya ishara pamoja na wazazi wengine, vidole vyake vinene vilivyozoea bisibisi vikichekesha darasa zima. Mkewe alipofariki walibaki wawili. Jioni waliongea mezani chakula kikipoa, maana anayesema kwa mikono hawezi kusema na kula kwa wakati mmoja.

Binti akakua, akajifunza ushonaji, akawa fundi wa kutafutwa. Aliolewa na dereva wa lori la masafa marefu, kijana mpole ambaye alijifunza ishara wakati wa uchumba, akianza, kama waanzavyo wote, na matusi. Wakapanga vyumba viwili vinavyofuatana. Cha mbele kilikuwa na mlango wa barabarani, na humo aliweka cherehani yake ya umeme. Cha nyuma kilikuwa cha kulala. Mwaka uliofuata wakajaliwa mtoto wa kiume.

Mtoto alikuwa bado mchanga pale mama mkwe alipokuja asubuhi moja bila kutoa taarifa, mkoba begani, umejaa nguo za mjukuu. Alianza kusikia kilio akiwa barabarani. Alipoingia chumba cha mbele alimkuta mkwewe ameinamia gauni la harusi, cherehani inanguruma, mgongo ameupa mlango wa ndani. Bibi akampita moja kwa moja. Huko nyuma mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka, shingo imelowa jasho.

Kivuli chake kilimshtua binti, akainuka na kumfuata. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani. Hakugomba. Alisubiri binti amtazame midomo, kisha akasema polepole:

"Alikuwa analia. Ameanza kulia muda mrefu kabla sijafika."

Binti akanyoosha mikono kumpokea mtoto.

"Mimi sikusemi vibaya, mwanangu," mama mkwe akaendelea. "Unampenda, naona. Lakini akikabwa je? Akianguka? Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Acha nikae naye kwangu mpaka atembee vizuri, aweze kukufuata mwenyewe. Mume wako akirudi safari, tutakaa tuzungumze."

Mchana huo binti alifunga cherehani, akambeba mtoto mgongoni, akaenda kibandani kwa baba yake. Fundi alipoona uso wake alizima redio, jambo ambalo Dada wa Simu alikuwa hajawahi kulishuhudia. Binti akaeleza yote kwa mikono, harakaharaka, akikosea na kurudia.

"Nilikuwa nimetoka kumtazama," alisema. "Huwa ninainuka kila mara. Nikajiambia nimalize mshono mmoja tu."

Damu ikamchemka Fundi. Alivua koti la kazi, akasema anakwenda kuzungumza na huyo mama sasa hivi, wajuane. Binti akamshika mkono.

"Hakusema uongo, Baba. Alilia, na mimi sikujua."

Fundi akaketi tena. Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi ambayo angeweza kutukanwa. Alimtazama mjukuu aliyelala mgongoni kwa mama yake, mdomo wazi, hana habari na mtu.

"Mumeo anarudi lini?"

"Wiki nne, labda tano."

"Basi nipe mpaka arudi," alisema Fundi, ingawa alikuwa bado hajui anaomba muda wa kufanya nini.

Alianza na alichokijua. Alichukua kinasa sauti, kile kidude kinachodaka sauti, kutoka kwenye redio ya kaseti ya zamani, akakiunganisha na balbu ndogo, na kufikia jioni akawa na kitu kinachowaka kikisikia sauti. Akakipeleka kwa binti, akatundika kinasa sauti juu ya kitanda cha mtoto na balbu kando ya cherehani. Taa ikawaka. Iliwaka mlango ulipofungwa, ikawaka muuza mboga alipopita akinadi, ikawaka baiskeli ilipopiga kengele, na binti alipokanyaga pedali ya cherehani ikawaka moja kwa moja. Siku ya kwanza binti alikimbilia chumba cha nyuma mpaka miguu ikamuuma. Siku ya pili aliifunika balbu kwa kitambaa.

"Hiyo inasikia kila kitu," alimwambia baba yake. "Inasikia vizuri mno. Haina faida."

Fundi akairudisha kibandani, akaiweka mezani, akawa anaitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyekula nguo. Dada wa Simu aliinua kichwa.

"Mzee, hapo unataka kitu kinachochagua. Balbu haichagui."

"Na nitakitoa wapi?"

Dada wa Simu alivuta droo, akatoa kadi ndogo ya kielektroniki, haijazi kiganja, imepangwa vishimo vya waya pembeni. Alisema alitumia ya namna hiyo chuoni. Unaiandikia maagizo kwenye kompyuta, unayahamishia kwenye kadi, kisha inayafuata siku zote bila kuchoka wala kubishana.

"Mimi nimeshazeeka kwa mambo hayo," alisema Fundi. "Niandikie wewe."

"Nikikuandikia, ikiharibika utanifuata hata nikiwa kitandani. Keti hapa. Nitakufundisha."

Kwa hiyo Fundi Mawimbi, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, akaanza kujifunza kuandika programu kwa kidole kimoja. Lugha ile ilikuwa na maneno machache ya kigeni ambayo Dada wa Simu alimwandikia kwenye kipande cha boksi, lakini majina ya vitu uliruhusiwa kuyatunga mwenyewe, na hilo lilimpa moyo. Akaita namba inayotoka kwenye kinasa sauti *sauti*. Akaita balbu *taa*. Akaandika kwamba kama `sauti = 80`, taa iwake.

Taa ikawaka. Akanyamaza, ikaendelea kuwaka. Akaifunika kwa koti, akatoka nje, akachungulia dirishani, bado inawaka.

"Hii inasema mjukuu wangu hanyamazi milele," alisema.

Dada wa Simu akaja kusoma, akacheka bila sauti. "Umeweka alama moja ya usawa. Alama moja ni amri. Umeiambia, sauti iwe themanini. Nayo imetii, imeifanya themanini, kisha ikakuwashia taa. Ukitaka kuuliza, weka mbili." Akaandika `==`. "Hii ndiyo inauliza: je, sauti ni sawa na themanini?"

Fundi aliongeza alama ya pili. Sasa taa ikakataa kuwaka kabisa, hata alipopiga meza kwa nyundo. Alikuna kichwa muda mrefu. Redio ilikuwa imezimwa, na Dada wa Simu alimwacha akune.

"Nyundo siyo themanini," alisema hatimaye. "Labda ni tisini na tatu. Na mtoto naye halii kwa kipimo. Sitaki kujua kama ni sawa. Nataka kujua kama imezidi."

"Hiyo ina alama yake. Mdomo wazi unaelekea kwenye kikubwa." Akamwandikia `>`.

Tangu siku hiyo mambo yakaanza kwenda, ingawa kwa kujikwaa. Fundi aligundua kwamba kazi yote iko kwenye kuuliza swali sawasawa. Akijua swali, alama inapatikana. Aliposema taa iwake sauti ikizidi kiasi na pia ikidumu, Dada wa Simu alimpa alama mbili za "na", `&&`, akamweleza kwamba pande zote mbili lazima ziwe kweli; upande mmoja ukilala, taa haiwaki. Mlango ukijibamiza ni sauti kubwa lakini haidumu. Kengele ya baiskeli vilevile. Majirani wa safu ile wakazoea kumsikia Fundi akilia kama mtoto mchanga mbele ya kinasa sauti, kisha akipiga makofi mara moja, kisha akilia tena. Kinyozi wa kibanda cha tatu alikuja kuuliza kama kuna msiba.

Ikabaki cherehani. Cherehani ni kubwa na inadumu. Kwa kadi, cherehani ilikuwa mtoto mwenye njaa isiyokwisha. Mlango wa chumba cha nyuma nao ulikuwa na bawaba kavu iliyolalamika kwa muda mrefu ukifunguliwa taratibu. Fundi akaazima cherehani ya kujaribia kibandani, akafunga swichi moja kwenye pedali yake na nyingine mlangoni, kadi iweze kujua kipi kinatumika. Kisha akaandika kama anavyosema mtu yeyote: taa isiwake kwa cherehani au kwa mlango. Kwa alama ikawa hivi: si cherehani, AU si mlango. Alama ya mshangao kwa "si", vijiti viwili vilivyosimama kwa "au".

Akajaribu. Cherehani ya kuazima ikanguruma, taa ikawaka. Mlango wa kibanda ukalia, taa ikawaka.

"Hainielewi," alisema. "Nimeikataza kwa maneno ya kawaida kabisa."

"Tuifuate pamoja," alisema Dada wa Simu, akavuta kiti. "Cherehani inafanya kazi. Je, ni kweli kwamba si cherehani?"

"Si kweli. Ni cherehani."

"Je, ni kweli kwamba si mlango?"

"Kweli. Mlango umefungwa."

"Na kwa 'au', ikipatikana kweli moja inatosha. Imepata kweli yake, ikawasha."

Fundi alitazama mstari ule, midomo ikitembea. "Kwa hiyo haitazima mpaka vyote viwili vilie kwa pamoja."

"Ndiyo. Sasa niambie kwa Kiswahili kilichonyooka. Hiyo sauti ni ya nini?"

"Si ya cherehani…" Akasita. "Wala ya mlango."

"Wala," alirudia Dada wa Simu. "Hiyo 'wala' ni 'na' au ni 'au'?"

Akafikiri. Mteja aliingia kuulizia simu yake, akaambiwa asubiri.

"Ni 'na'," alisema Fundi. "Si hiki, na pia si kile. 'Wala' ni 'na' iliyonuna."

Dada wa Simu alicheka mpaka akaangusha bisibisi, na mteja naye akacheka bila kujua anacheka nini. Fundi akafuta vijiti viwili, akaweka `&&`. Cherehani ikanguruma, taa ikabaki kimya. Mlango ukalia, kimya. Fundi akalia kama mtoto, taa ikawaka. Alijisikia mwepesi kama kijana aliyekubaliwa posa.

Asubuhi iliyofuata aliifunga kadi na swichi zake nyumbani kwa binti kwa mbwembwe zote. Akaeleza kila waya, kila alama, kwa mikono na kwa kuandika. Binti alifuatilia kwa makini, na kila alipouliza swali Fundi alijibu kama mwalimu. Kisha binti akauliza hili:

"Nikiwa ninashona, na mtoto akalia?"

Fundi akaigeukia kadi. Aliona mstari wake wote machoni: sauti kubwa, na imedumu, na si cherehani. Cherehani ikifanya kazi, basi. Mtoto angelia mpaka akauke. Ilikuwa ndiyo asubuhi ileile ya mama mkwe, na yeye alikuwa ameijenga upya kwa waya na risasi ya kuunganishia.

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Wiki zilikuwa zimeyeyuka. Dereva alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba anageuza lori. "Nimekuangusha, mwanangu," alisema.

Binti hakuwa anamtazama. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa kati, anatazama chumba cha nyuma, kisha cha mbele, kisha tena cha nyuma. Akamgusa bega.

"Hiyo namba yako. Umemlinganisha mtoto na namba."

"Ndiyo. Akizidi namba…"

"Kwa nini namba? Mlinganishe na cherehani."

Fundi hakuelewa, na binti akarudia taratibu, akionyesha kwa vidole. Weka kinasa sauti kingine hapa mbele. Cherehani ikinguruma, hapa mbele itakuwa kubwa na nyuma ndogo, maana kuna ukuta. Mtoto akilia, nyuma itakuwa kubwa na mbele ndogo. "Wewe unasikia, kwa hiyo huulizi sauti inatoka wapi, unajua tu. Mimi kila kitu lazima nikiulize kinatoka wapi. Nikihisi sakafu inatetemeka, natazama kwanza ni upande gani."

Fundi alimtazama mtoto wake huyu aliyekaa naye miaka yote, akajiona kama ndiyo kwanza wanakutana. Kwa majuma yote yale hakuwa amemuuliza hata mara moja anataka taa ifanye nini. Alikwenda kibandani mbiombio, akarudi na kinasa sauti cha pili na kompyuta ya Dada wa Simu, na Dada wa Simu mwenyewe akiifuata kompyuta yake kwa nyuma.

Siku ile walifanya kazi watatu. Swichi ya pedali ikang'olewa, ya mlango ikang'olewa. Mstari ukawa mfupi kuliko uliokuwepo: kama `nyuma > mbele`, na imedumu pumzi chache, washa taa. Binti aliketi kwenye cherehani akishona vipande visivyo na kazi, Fundi akilia chumba cha nyuma, mtoto akimtazama babu yake kwa mshangao. Taa ikawaka cherehani ikiwa inanguruma. Binti akainua mguu kwenye pedali, ikaendelea kuwaka. Fundi akanyamaza, ikazima.

"Bado," alisema binti. "Kama kitu kikubwa kitaanguka huko mara moja tu? Hakidumu."

"Hicho si kilio," alijibu Fundi.

"Sufuria ikianguka karibu na mwanangu, mimi nataka kujua."

Basi ndipo "au" ilipopata nafasi yake ya haki. Dada wa Simu alionyesha jinsi ya kufunga sehemu ya kwanza kwa mabano ili isichanganyike na ya pili, na binti ndiye aliyeandika. Sauti ya nyuma imezidi ya mbele na imedumu, au imeizidi kwa kiasi kikubwa, hata kwa pigo moja. Lolote kati ya hayo, taa. Kiasi chenyewe binti alikipanga kwa kuangusha vifuniko vya sufuria kimoja kimoja, na jirani wa ukuta wa pili akagonga kuuliza kama wanahama.

Dereva alirudi Jumamosi, na Jumapili mchana mama yake akaja. Walikaa chumba cha mbele: dereva, mkewe, mama yake na Fundi Mawimbi aliyevaa shati la kwenda kwa watu. Mtoto alikuwa amelala nyuma. Mama mkwe alionyeshwa taa, akaitazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wa mwenzake.

"Ni kazi nzuri, mkwe," alimwambia Fundi. "Lakini taa ni taa. Mimi nina masikio."

"Sikatai, mkwe wangu," alisema Fundi.

Dereva alikuwa akimtafsiria mkewe kwa mikono na hakuacha neno. Alikuwa bado hajasema la kwake. Na kabla hajalisema, mvua ikaanza. Ilianza kwa matone mazito, kisha ikamwagika kwenye bati kwa nguvu ambayo ilimaliza mazungumzo. Mama mkwe aliinua sauti, akaiinua tena, mwisho akakunja mikono kusubiri. Fundi hakuwa ameipima mvua. Alikaza macho kwenye taa, akiomba isiwake na kumwaibisha. Vyumba vyote viwili vilikuwa chini ya bati moja, mvua ikapiga mbele sawa na nyuma, na taa ikabaki gizani. Akashusha pumzi.

Dakika chache baadaye ikawaka.

Fundi alifunga macho. Mvua imeizidi, alijisemea. Lakini binti alikuwa ameshainuka na kupita mlango wa kati. Dereva akamfuata, mama mkwe akafuata, Fundi akawa wa mwisho, shingo upande.

Mtoto alikuwa amelala kifudifudi. Mama yake alikuwa amemlaza chali, kila mtu alijua hivyo. Mara hii alikuwa amejigeuza mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na sasa hakujua namna ya kurudi. Ameinua kichwa, shingo inayumba, uso mwekundu, analia kwa hasira zote za mtu aliyejipeleka mahali na kukwama. Hata waliposimama mlangoni sauti yake iliwafikia nusunusu. Binti akamnyanyua, akamweka begani, na alipogeuka machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka.

"Amejigeuza," alisema kwa mkono mmoja. Dereva akarudia kwa sauti, akarudia tena kwa sababu mvua ilimeza ya kwanza.

Mama mkwe alisogea akamshika mjukuu mguu. Mvua ilipopungua kidogo akasema, bila kumwambia mtu fulani, "Sikusikia."

"Hakuna aliyesikia, Mama," alisema dereva.

"Mvua ile."

"Ndiyo, Mama. Mvua ile."

Walirudi mbele. Mama mkwe akaitazama tena taa, sasa kwa macho mengine, akaanza kuuliza kama mnunuzi. Umeme ukikatika je? Ina betri, alisema Fundi. Na betri ikiisha? Binti akajibu mwenyewe, na mumewe akatafsiri: "Nitainuka nimtazame, kama nilivyokuwa ninainuka zamani. Taa hainilelei mtoto, Mama. Inaniita tu."

Hapo dereva akasema la kwake. Alisema mtoto atakaa na mama yake, na kama bibi ana wasiwasi, aje yeye akae nao, kitanda kipo. Alilisema kwa sauti na kwa mikono kwa pamoja, na mikono ndiyo iliyokuwa imara zaidi. Mama yake akasema juma moja halitamuua mtu, aone jinsi wanavyoishi.

Alikaa juma, akaongeza jingine. Katika siku zile aliona taa ikikosea mara kadhaa, mara moja kwa sababu ya paka aliyepigana dirishani, na aliona pia mkwewe akiinuka hata taa ikiwa haijawaka, kwa mazoea tu. Alijifunza ishara ya maziwa, ya usingizi, ya njoo, na ile ya kumwambia mwanawe aache kuacha soksi chumba cha mbele. Alipoondoka aliubeba mkoba wake mtupu. Nguo za mjukuu alikuwa ameshazipanga kwenye kabati la mama yake.

Kadi ile Fundi hakuigusa tena kwa muda mrefu. Mtoto alipoanza kutambaa, binti alimtumia Dada wa Simu ujumbe, akaenda kwake siku mbili tatu, akarudi na programu mpya inayochunguza pia kama mlango wa barabarani uko wazi na mtoto yuko karibu nao. Fundi alipoisoma ilibidi aulize mabano mawili yanafanya nini pale katikati. Binti akamweleza. Akaomba arudie. Akarudia.

Siku moja alikuja kibandani mshona viatu mmoja, kiziwi, aliyesoma shule moja na binti. Alikuwa amesikia habari, kama viziwi wasikiavyo, kwa kuonyeshana. Wateja wake hugonga mlango asisikie, wakadhani amewapuuza, wakaenda kwa mwingine. Fundi alifuta mikono, akaanza kumweleza kuhusu namba na vipimo, kisha akajizuia. Binti alikuwa dirishani na Dada wa Simu, mtoto mapajani akitafuna kifuniko cha simu.

"Huyu ni wako," alimwambia.

Binti akampa baba yake mtoto, akavuta kiti mbele ya mshona viatu, akaanza kwa kumuuliza swali: akiwa kazini, nyundo yake inapiga kelele upande gani wa chumba, na mlango uko upande gani.